Mistari Miwili Chini ya Jina la Mniko

Nilimpenda Mniko mpaka Alhamisi ile saa tisa mchana, na ukweli niuseme mapema, hata saa kumi nilikuwa bado nampenda. Mapenzi hayazimwi kama taa. Ndiyo maana nilipomwona amesimama mlangoni mwa ofisi yake pale Kabasa, mikono ya shati kaikunja mpaka kwenye viwiko, akitabasamu lile tabasamu lake la upande mmoja, nami nilitabasamu kabla sijajizuia. Nilitamani karatasi zilizokuwa mkobani mwangu zingekuwa za mtu mwingine.

"Karibu Bunda, mama," alisema. "Umekonda. Huko Musoma hawakulishagi?"

"Nimechoka tu."

"We kila siku umechoka, Penina. Acha Jumamosi ipite. Nitakupumzisha mpaka usahau kompyuta inafananaje."

Jumamosi. Wazee sita wa kwao Mugeta walikuwa waje Butiama, kwa baba yangu, kuzungumza habari za ng'ombe wa mahari. Mama alikuwa ameshapaka chokaa ukuta wa mbele. Mashangazi walikuwa wameshagombana kuhusu rangi ya vitenge na wakapatana. Nina miaka thelathini na nne, na kwa umri huo mtu akikuambia anakuja kwenu na wazee, ukoo mzima unashusha pumzi.

Mimi ni mkuu wa usalama wa taarifa wa Tulizo Afya. Tuna zahanati tatu: makao makuu Iringo, mjini Musoma, tawi la Bunda ambalo Mniko ndiye msimamizi wake, na tawi la Butiama. Cheo changu kirefu, marafiki wangu wachache. Kazi yenyewe ni kuhakikisha kwamba ulichomwambia daktari kinabaki kati yako na daktari. Wafanyakazi wananiita Mama Paswedi, kwa jinsi ninavyowabana na maneno ya siri. Nikiingia chumba cha chai mazungumzo yanakatika, na kila mtu anakumbuka ana mgonjwa wa kumhudumia. Siku ambayo hakuna kilichoharibika ndiyo siku niliyofanya kazi, na siku hiyo hakuna anayekumbuka kama nipo. Kikiharibika kitu, hata mlinzi wa getini anajua ofisi yangu iko wapi.

Na kilikuwa kimeharibika. Mwanzoni mwa Aprili msichana mmoja wa Mugeta, Yuliana, alikuja Iringo akasimama mbele ya meza yangu. Nilimkaribisha kiti, akakataa kukaa.

"Dada, naomba kuuliza," alisema. "Majibu yangu niliyopimwaga Bunda, yalifikaje kwa watu waliotaka kunioa?"

Uchumba wake ulikuwa umevunjika. Kisimani wenzake wakimwona walikuwa wananyamaza. Majibu hayo yalikuwa ya nini sitakuambia, msomaji, hata unibembeleze. Si yangu kuyasema.

Mfumo wetu unaandika mstari mmoja kila faili la mgonjwa linapofunguliwa: jina la aliyefungua, tarehe na saa. Nilipekua wiki mbili, macho yakawa mekundu kama ya mvuta bangi. Nikayapata mafaili mawili yaliyofunguliwa bila mgonjwa kuwepo na bila daktari kuagiza. Yote mawili yalifunguliwa kwa jina na neno la siri la Mniko. La kwanza lilikuwa la Yuliana. La pili lilikuwa langu.

Keraryo, mtunza stoo wa tawi la Bunda, alikiri la Yuliana siku ya Jumanne bila hata kubanwa. Mdogo wake ndiye aliyekuwa anamwoa. Ukoo ulitaka kujua hali ya binti kabla ng'ombe hawajatoka zizini, basi akamwomba Mniko neno lake la siri, na Mniko akampa. Hilo la pili aliapa kwa kaburi la mama yake kwamba halijui.

Njia nzima kutoka Musoma nilikuwa namwomba Mungu Keraryo awe mwongo, ingawa nilikuwa na sababu ya kumwamini. Ripoti ilitakiwa mezani kwa mkurugenzi Ijumaa asubuhi. Mstari wa kwanza peke yake ungempa Mniko onyo: meneja mzembe aliyegawa neno la siri. Mstari wa pili, kama ni yeye aliyefungua, ulikuwa kazi imekwisha. Na ni mwanamke gani anamfukuzisha mtu kazi Ijumaa halafu Jumamosi anawapokea wazee wake kwa vigelegele?

Tuliingia ndani. Akafunga mlango, akavuta kiti chake akakaa karibu yangu badala ya kukaa ng'ambo ya meza. Alinukia sabuni ile ile ya siku zote. Aliushika mkono wangu, na mimi, mkuu wa usalama mzima, nikauacha ushikwe.

"Najua umekuja kwa ajili ya Keraryo," alianza. "Ameniambia ulimhoji."

"Ulimpa neno lako la siri."

"Nilimpa."

"Nimekuja hapa mara tatu kufundisha, Mniko. Mara tatu. Ulikaa kiti cha mbele unaandika."

"Nilikuwa naandika jina lako," akasema, akijaribu kunichekesha. Alipoona sicheki, akaacha mzaha. "Penina, we si mtu wa kwetu kabisa lakini unatujua. Keraryo tuliingia naye jando siku moja. Tulisimama bega kwa bega, kisu kilichonikata ndicho kilichomkata. Mtu wa namna hiyo hata akikuomba shati ulilovaa, unavua. Ningemwambiaje hapana? Ningemwambia 'Mama Paswedi amekataza'?"

"Ndiyo. Ungemwambia hivyo. Kazi yangu ni kuwa kisingizio chenu. Mtu akishindwa kusema hapana, aniseme mimi."

"Kwetu haiendi hivyo."

"Na Yuliana ni wa kwenu pia. Yeye amekwendaje?"

Aliuachia mkono wangu. Akasimama akaenda dirishani. Nje akina mama walikuwa wamekaa kwenye benchi na kadi zao za kliniki, mmoja ananyonyesha, na niliwaza kila mmoja wao ana faili humo ndani na hana habari.

"Hilo la Yuliana linaniuma," alisema bila kugeuka. "Sikujua Keraryo angelisema nyumbani. Nilidhani ataangalia tu, anyamaze. Andika, nitalipokea. Nitapewa onyo, nitakula aibu kidogo, yatapita. Ndicho ulichokuja kuniambia?"

Hapo ningeweza kusema ndiyo. Ningemeza lile la pili, nikanywa soda moja, nikarudi Musoma. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba uongo ulikuwa unafanana na kitanda.

Nikatoa karatasi ya pili mkobani, nikaiweka mezani.

"Tarehe kumi na tisa Januari, saa nne na dakika kumi asubuhi. Soma jina la mgonjwa."

Alisoma. Nilimtazama anavyosoma. Nimemtazama mwanaume huyu akila, akilala kwenye kiti kanisani, akibishana na fundi wa gari, na uso wake naujua kama njia ya kwetu. Shavu la kushoto lilicheza.

"Aah, huyu Keraryo," alisema. "Huyu kijana, huyu mura, ataniua. Kumbe na lako alifungua?"

Nikamsogezea karatasi karibu zaidi.

"Keraryo?" nikauliza.

"Sasa nani mwingine? Si ndiye mwenye paswedi yangu?"

"Tarehe kumi na tisa Januari Keraryo alikuwa Tarime kwenye msiba wa mjomba wake. Alikaa wiki nzima. Ruhusa ya kwenda ulimsainia wewe."

Nje mtoto alilia, akabembelezwa, akanyamaza. Mwanaume ambaye dakika kumi nyuma hakuweza kumnyima mwenzake wa jando hata shati, alikuwa amemtupia kosa lake bila kupepesa. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini sikujua kwamba nguo yenyewe nilikuwa nimeichagua kwa mapenzi yangu yote.

"Mama aliniomba," alisema hatimaye.

"Akuombe nini?"

"Alisema huyu mwanamke ana miaka thelathini na ngapi, kwa nini hajazaa hata mmoja? Watu wameshamwambia uliwahi kulazwa. Akasema ng'ombe za baba yako hazitoki kwenda kwa mwanamke tusiyemjua ndani. Kila nikienda nyumbani ni hilo tu, Penina. Wimbo ni huo mmoja. Nikaona niangalie nimnyamazishe."

"Ukaangalia."

"Nikaangalia."

La Yuliana sikukuambia, lakini hili langu nitakuambia, kwa sababu ni langu kulisema. Miaka minne iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye kizazi. Nikaendelea na kliniki tawi la Butiama, na daktari akaandika kwenye faili langu kwamba uwezekano wa kushika mimba ni mdogo sana. Mama yangu ndiye pekee niliyemwambia. Baba alijua nimeumwa tumbo tu. Na kwamba msimamizi wa tawi la Bunda anaweza kuona mafaili ya Butiama nililipinga kwenye vikao viwili, nikaambiwa Mama Paswedi anachelewesha huduma.

"Kwa hiyo unajua," nikasema.

"Najua tangu Januari." Alirudi akapiga magoti mbele ya kiti changu, meneja mzima, suruali safi kwenye sakafu. "Sasa nisikilize. Nilisoma, nikafunga. Nikatoka nikakaa kwenye gari karibu saa nzima. Halafu nikampigia mama, nikamwambia nimeangalia, hana kitu, mzima kabisa, atakuzalia mpaka uchoke kubeba. Nilimdanganya mama yangu kwa ajili yako! Nimejua yote, na bado Jumamosi wazee wanakuja. Wewe unataka mapenzi ya namna gani zaidi ya hayo?"

Machozi yalimtoka. Yalikuwa ya kweli, na ndilo lililoniumiza zaidi. Angekuwa mwanaume mbaya ningemaliza kazi yangu nikaondoka. Nilitaka kuchukua kichwa chake nikakilaza mapajani. Mikono yangu ilishaanza kunyanyuka.

"Unakumbuka ile Jumapili ya mwisho wa Januari kule Musoma," nikasema, "tumekaa kwenye mawe kandokando ya ziwa? Nilikuambia, Mniko, kuna jambo nataka kukuambia kabla hatujaenda mbali."

"Nakumbuka."

"Uliniwekea kidole mdomoni. Ukasema, usijisumbue mama, mimi sina swali na wewe. Nilirudi nyumbani nalia kwa furaha. Nikasema mimi nimepata mwanaume asiye na maswali. Kumbe ulikuwa na majibu."

"Nilikuwa nakuhurumia usiteseke kulisema."

"Lilikuwa langu kuteseka nalo! Miezi mitatu nimelala nalo, naamka nalo, natafuta maneno. Nilikuwa nimepanga nikuambie kesho jioni kabla wazee hawajaja, ili kama unageuka ugeuke mapema. Nilitaka nikuone uso wakati unasikia. Hiyo siku nilikuwa naiogopa na naisubiri. Umeichukua."

"Mficha uchi hazai, Penina. Ungeniambia mapema tusingefika hapa."

Nilimtazama. Nadhani hata yeye aliisikia methali yake ilipokuwa imeshatoka, maana alifumba macho.

"Leo," nikasema polepole, "usiniletee methali ya kuzaa."

"Samahani. Haki ya Mungu, samahani." Akasimama, akaanza kutembea. Kichwa chake cha umeneja kilikuwa kimerudi kazini. "Tufanye hivi. Mstari wa pili uondoe. Sikuambii kwa ajili yangu. Ripoti ile inasomwa na mkurugenzi, inasomwa na bodi, watu saba. Watauliza faili lina nini. Mmoja atamwambia mke wake. Mpaka Krismasi, Musoma nzima itajua habari za tumbo lako. Unataka hivyo? Faili ni lako mwenyewe, nani atalalamika? Mimi nitakula onyo la Keraryo, Jumamosi wazee watakuja, mama hatajua maisha yake yote. Tutalea hata mtoto wa ndugu. Kuna nini kigumu hapo?"

Hakukuwa na kigumu chochote, hilo nakiri mbele yako. Mfumo nauendesha mimi, ripoti naiandika mimi. Nilikuwa na uwezo wa kuufuta mstari ule nikiwa nimekaa pale pale, na ningekuwa mke wa mtu kabla ya mvua za vuli. Nilimpenda. Nilitaka nyumba yake, kikohozi chake cha asubuhi, hata mama yake mkorofi.

Lakini nilimkumbuka Yuliana aliyekataa kiti. Nilimwahidi nitamwambia kila kitu nitakachokikuta. Kama ningefuta la kwangu kwa sababu nampenda mtu, kesho mwingine angefuta la Yuliana kwa sababu ameingia naye jando. Ningekuwa Keraryo mwenye cheo kirefu.

Nilichukua simu nikampigia mkurugenzi wetu, Daktari Nicolaus. Mniko alisimama katikati ya chumba.

"Daktari, shikamoo."

"Marahaba, Penina. Ripoti imeiva?"

"Daktari, naomba unitoe kwenye uchunguzi huu. Umpe msaidizi wangu Chrispin amalize. Kumbukumbu zote ziko kwake, sijagusa hata herufi. Msimamizi wa Bunda ni mchumba wangu. Nilitakiwa nikuambie siku ya kwanza, sikukuambia, na hilo nalo liandikwe. Jambo la pili, moja ya mafaili yaliyofunguliwa ni langu. Mimi ni mgonjwa kwenye kesi hii, siwezi kuwa mchunguzi pia."

Nilimsikia akisukuma kiti nyuma.

"Faili lako alilifungua nani, mwanangu?"

Sikuzoea kuitwa hivyo kazini.

"Chrispin atakuambia. Mimi nisiseme."

"Basi kabla hujatoka hapo fanya moja tu," alisema. "Mfungie."

Nilimfungia asiingie tena kwenye mfumo. Ni kazi ya sekunde chache kwenye simu: jina lake, kitufe, ndiyo. Kompyuta iliyokuwa mezani kwake ilibadilika rangi, ikamwomba aingize neno la siri. Mniko aliitazama, halafu akanitazama mimi.

"Umenifungia," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaka kuhakikisha.

"Nimekufungia."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi nitakuja Mugeta, lakini siji kwenu. Naenda kwa Yuliana. Lazima mtu wa Tulizo aende akakae na mama yake amwambie faili la binti yake lilitokaje, na amwombe radhi."

"Penina, wazee wangu niwaambie nini?"

"Waambie ukweli. Au wadanganye, umeshazoea kunidanganyia."

Lilikuwa neno kali, na lilipomfika nilijuta. Nikaweka karatasi zangu mkobani. Mlangoni alinishika kiwiko, taratibu.

"Ulikuwa unampenda mtu au ulikuwa unalinda mafaili?"

"Nilikuwa nakupenda," nikasema. "Bado. Niachie mkono."

Aliniachia.

Dereva wetu, Ngolo, alikuwa amelaza kiti analala. Aliponiona usoni aliwasha gari mara moja. Tulipopita mizani ya malori simu ikalia. Mama.

"Umefika wapi? Shangazi yako anauliza wageni wale ni sita au wameongezeka, maana viti vya kanisani tunavifuata kesho."

"Mama, wasivifuate."

"Mnavyo vingine?"

"Wageni hawaji, mama."

Nilimsikia akitoka alipokuwa, akifunga mlango nyuma yake.

"Wamekataa wao?"

"Nimekataa mimi."

"Aliambiwa? Kuhusu lile jambo?"

"Alilijua. Alilisoma kwenye faili, mama, tangu Januari. Na sasa litaandikwa kwenye ripoti, na watu saba wataisoma."

Nilisikia kuku wa nyumbani, nikasikia mtu anatwanga. Mbele yetu barabara ilikuwa nyeupe kwa jua, na kibao cha Makutano ya Butiama hakikuwa mbali.

"Sasa baba yako nimwambieje?" aliuliza. "Ameshaenda kwa Mzee Nyamburi kuazima lile koti."

Nilimwambia Ngolo akifika Makutano akunje kulia kwenda kwetu, asiende Musoma.

"Usimwambie kitu, mama. Mwambie tu asitoke, anisubiri. Nataka alisikie kwangu."